Kamera Nafuu, Sauti Ghali

Chama cha wanafunzi kinapofanikiwa kupata fedha za kununulia kamera ya video, fedha hizo aghalabu huwa za mara moja. Zimetokana na michango ya wanachama, kiingilio cha tamasha na hisani ya mhadhiri mmoja au wawili. Mwaka ujao hazitakuwapo. Kwa hivyo uamuzi unaofanywa dukani katika alasiri moja ndio utakaoamua ni nini kitakachosikika miaka thelathini ijayo, wakati fanani aliyerekodiwa atakapokuwa ametangulia mbele ya haki. La kushangaza ni kwamba uamuzi mzito kiasi hicho mara nyingi huachiwa tangazo la biashara.

Mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa hoja katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, ikiwemo ile simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Ukusanyaji wa ngano, nyimbo na maghani ukapata nafasi yake katika elimu ya chuo kikuu nchini Kenya, na kwa muda mrefu chombo cha kazi hiyo kilikuwa kinasasauti cha kaseti. Kaseti ilihifadhi sauti lakini ikapoteza uso wa fanani, mikono yake, maleba yake na jinsi hadhira inavyomwitikia; yaani vile viziada lugha ambavyo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huvikariri kwa ajili ya mtihani. Video imekuja kuliziba pengo hilo. Hata hivyo, upo uwezekano wa kuugeuza upungufu badala ya kuuondoa: kaseti ilileta sauti bila uso, nayo video iliyoandaliwa vibaya huleta uso bila sauti.

Kamera inayofaa kwa kazi hii, kwa chama chenye mfuko mwembamba, ni ile isiyo na kioo ndani yake. Katika kamera za awali za lenzi ya kubadilishwa, kioo kilisimama mbele ya filamu au kihisi na kuirusha taswira juu hadi kwenye jicho la mpigapicha. Panasonic ilipotoa Lumix G1 mwaka wa 2008, kioo hicho kiliondolewa, na mpigapicha akaanza kukitazama kile kile ambacho kihisi kinakiona. Kwa video, faida yake ni wazi, maana kamera ya kioo hulazimika kukiinua kioo chake wakati wote inaporekodi, na tundu la kuchungulia hubaki giza. Isitoshe, kioo kilipoondoka lenzi ilisogea karibu na kihisi: milimita 18 katika kamera za Sony za mtindo wa E, ilhali lenzi za Canon za mtindo wa EF zilihitaji milimita 44. Nafasi hiyo huweza kujazwa kwa pete ya kuunganishia, hata lenzi kuukuu iliyosahaulika kabatini kwa mtu ikapata kazi tena. Kwa chama maskini, hilo si jambo dogo.

Lakini kabla ya lenzi, kuna sikio.

Mwanafunzi anayesafiri hadi Mombasa au Lamu kumrekodi malenga hafuati picha ya kupendeza, anafuata lugha. Katika Kimvita, mpumuo hutenganisha maana. Paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, naye paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo. Kaa la moto na kaa wa baharini hutofautishwa vivyo hivyo. Zipo pia t ya meno na t ya ufizi, ambazo msemaji wa Mombasa hazichanganyi kamwe. Tahajia sanifu haizionyeshi tofauti hizi. Zimo katika sauti pekee, na mpumuo wenyewe ni pumzi ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Upepo wa pwani huimeza pumzi hiyo. Mwangwi wa ukumbi wenye sakafu ya saruji huimeza. Maikrofoni ndogo iliyomo ndani ya kamera, iliyowekwa mita 2 kutoka kwa msemaji, huichanganya na mlio wa lenzi inayojirekebisha na kelele za pikipiki barabarani. Mtafiti akirudi chuoni na rekodi ya namna hiyo, atanukuu paa, na msomaji wake hatajua ni paa gani.

Inafaa hapa kutaja, kwa kupita, kwamba Kiswahili chenyewe kimechangia mkanganyiko. Neno kipaza sauti hutumiwa kwa kile chombo kinachopokea sauti mdomoni mwa msemaji na pia kwa lile sanduku linaloitoa kwa kishindo mkutanoni. Katika bajeti ya chama, neno moja kwa vyombo viwili vilivyo kinyume laweza kuwa chanzo cha ugomvi. Heri kuandika maikrofoni na kumaliza maneno.

Mahali pa wazi, kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Maikrofoni ya kubana kwenye vazi, ikiwa sentimita 25 kutoka mdomoni, huipata sauti kwa nguvu inayozidi kwa desibeli 18 ile inayoifikia kamera iliyo mita 2 mbali, na kelele za jirani hazipati msaada huo. Hakuna kamera, hata iwe ya bei ya gari, inayoweza kuurudisha umbali huo kwa hesabu za ndani. Ndiyo maana maikrofoni ya kubana, kifuniko chake chenye manyoya cha kuzuia upepo, na hedifoni za kusikilizia vinapaswa kuwekwa juu kabisa ya orodha ya ununuzi, si chini pale palipoandikwa "kama fedha zitabaki". Fedha hazibaki. Kigezo cha busara ni kamera na lenzi zisile zaidi ya nusu ya bajeti.

Kwa kuwa hali ni hiyo, swali la kwanza la kuuliza muuzaji wa Luthuli Avenue si idadi ya megapikseli, bali matundu. Je, kamera ina tundu la maikrofoni ya nje? Ina tundu la hedifoni? Sony a6000 ya mwaka wa 2014 ni kamera bora ya picha mnato, na bei yake ya mtumba humvutia kila mweka hazina. Lakini haina tundu la kawaida la maikrofoni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Panasonic G7 ya mwaka wa 2015 ni nzee karibu sawa na hiyo, lakini inalo tundu la maikrofoni, kioo chake cha kutazamia hugeuka upande, na hurekodi video ya 4K. Canon EOS M50 ya mwaka wa 2018 inalo pia, ingawa ikirekodi 4K huikata picha pembeni na kuupoteza ule mfumo wake mzuri wa fokasi. Anayeinunua aichukulie kuwa kamera ya ubora wa 1080, na kwa kazi ya fasihi simulizi hapo hajapungukiwa. Tena aina hiyo ya EOS M Canon imekwisha kuiacha, na lenzi zake haziingii katika kamera mpya za kampuni hiyo. Sony ZV-E10 ya mwaka wa 2021 ina matundu yote mawili na hukubali umeme kupitia waya wa USB inaporekodi. Mwili wake hauna kitulizo cha mtikisiko, basi stendi ya miguu mitatu itafanya kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi. Kwa chama kinachoweza kuifikia bei yake, hiyo ndiyo iliyo bora katika orodha hii. Kwa kisichoweza, G7 ya mtumba pamoja na maikrofoni nzuri inaishinda ZV-E10 iliyo peke yake.

Hedifoni zina hadhi kuliko inavyodhaniwa. G7 na M50 hazina tundu lake, kwa hivyo mwenye kuzitumia huona vijiti vya sauti vikicheza kwenye kioo na kuridhika, kumbe kinachochezesha vijiti ni mkufu unaogonga maikrofoni. Njia ya kulikwepa tatizo hilo ni kinasasauti kidogo cha kando, chenye tundu lake la kusikilizia, kisha makofi mamoja mbele ya kamera mwanzoni mwa rekodi, ili sauti na picha zioanishwe baadaye kwenye tarakilishi. Kinasasauti hicho pia ni akiba: kamera ikizimika katikati ya utendi, sauti huendelea.

Kuzimika si jambo la nadra. Baadhi ya kamera, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, hujikatisha zinapofika dakika 29 na sekunde 59, na bibi anayesimulia hana habari na sekunde hizo. Nyingine hupata joto zikirekodi 4K kwa muda mrefu na kujizima zenyewe. Kadi nazo hujaa. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Ile ya 1080 ya megabiti 50 hula nusu yake. Hapa ndipo tamaa ya 4K inapomponza mkusanyaji, kwa kuwa siku tatu za utafiti humlazimu achague kufuta ngano ya juzi ili apate nafasi ya ngano ya leo. Kadi mbili za alama ya V30, betri tatu, na diski mbili za nje zinazosafiri katika mifuko tofauti: gharama hizi hazipigiwi picha, lakini bila hizo hakuna kitakachorudi chuoni.

Lenzi haihitaji maneno mengi. Ile inayouzwa pamoja na kamera inatosha kwa mchana, mradi fanani aketishwe kivulini na si chini ya mwembe unaopenyeza vipande vya jua. Kwa ngoma za usiku, lenzi moja ya f/1.8 itafaa. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hivyo fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50 huzuia taa kumemesameme katika picha.

Wapo watakaouliza kwa nini simu isitumike, ilhali kila mwanachama anayo. Hoja yao ina uzito. Simu yenye maikrofoni ya kubana hutoa rekodi yenye manufaa kuliko kamera isiyo nayo, na chama kisicho na fedha kabisa kianzie hapo bila haya. Ila simu ni ya mtu. Ngano husimama inapoita, nafasi yake imejaa picha za nyumbani, na mwenyewe anapohitimu huondoka nayo pamoja na yote yaliyomo. Kamera ya chama hubaki kabatini na daftari lake.

Kabla ya safari ya kwanza, vifaa vyote vijaribiwe kwa dakika 40 mfululizo uani pa chuo, mwanachama mmoja akisimulia hadithi asiyoijua mwenzake. Kisha mwenzake ambaye hakuwapo apewe hedifoni na karatasi, anukuu anachokisikia bila kuitazama picha. Pale kalamu yake itakapositasita, ndipo maikrofoni isogezwe.