Asiye na Makao Abishe Mlango Gani?

Hivi karibuni nilikuwa Kisumu kwa shughuli za lugha yetu. Gesti za mjini ziliponishinda bei, sahibu yangu mmoja alinipeleka kulala kwa jamaa zake huko Migosi. Kwa asiyeujua, mtaa huu ni ndugu wa Mikindani ya kwetu Mombasa. Yote miwili ilitokana na mpango wa Benki ya Dunia wa miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980, wa kukata viwanja, kuvuta maji na kupitisha njia, kisha mwananchi akaachiwa ajenge kwa kadiri ya mkono wake.

Mwenye nyumba ni mama wa Kijaluo, Mkatoliki. Alipokaribisha chai nilistaajabu, kwani Kiswahili chake ni cha Mombasa kitupu.

"Mimi mzaliwa wa Likoni, Mwalimu," akasema. "Baba alikuwa akifanya kazi bandarini. Tulihama mwaka ule wa 97."

Chai ikanipalia. Wasomaji wangu wa Pwani hawahitaji kuelezwa ni mwaka gani huo. Usiku wa tarehe 13 Agosti, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, na baadaye wabara wakaanza kuwindwa na nyumba na vibanda vyao kutiwa moto. Watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu wakahama. Na vijana wetu nao, wengi wao wasiokuwa na hatia, walikiona cha moto mikononi mwa polisi waliokuja baadaye.

Nyumba yetu ilikuwa huko huko Likoni. Baba alikuwa safarini. Mimi ndimi niliyekuwa mwanamume wa nyumba. Usiku wa pili tulisikia mlango ukibishwa, na sauti tuliijua: alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, na nyuma yake mtoto akilia. Niliogopa kwamba atakayemficha mbara atachomwa pamoja naye. Nikazima taa.

Basi mama huyu aliniambia walikolala: katika kanisa la Wakatoliki la Likoni, pamoja na umati mkubwa wa watu wengine. Nikamuuliza kama kule mlangoni waliulizwa dini au kabila. Alicheka. "Tuliulizwa tu wangapi."

Nimeliwaza sana neno hilo. Wakatoliki wanayo hesabu ambayo mtoto wao hufundishwa kama sisi tulivyofundishwa nguzo tano chuoni. Wanaita matendo ya huruma ya kimwili, nayo ni saba: kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, kuvika walio uchi, kukaribisha wasio na makao, kutazama wagonjwa, kuwaendea wafungwa, na kuzika maiti. Sita wameyatoa katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25, na la kuzika katika kitabu cha Tobiti. Mwenye kusoma hadithi zetu ataona ujamaa hapo, kwani katika Sahihi ya Muslim imo Hadithi Kudusi ambayo Mola humuuliza mja Siku ya Kiyama kuhusu mgonjwa asiyetazamwa, mwenye njaa asiyelishwa na mwenye kiu asiyepewa maji. Lakini asiye na nyumba hatajwi humo.

Hili si kusema kwamba dini yetu imemsahau, hasha! Sura ya Wadh-dhuha tuliihifadhi tungali watoto, nayo yamkumbusha Mtume kwamba alikuwa yatima akapewa makao. Ansari wa Madina waligawana nyumba na Muhajirina. Na maskini wasiokuwa na kwao, Ahlu Suffa, walilala chini ya kipaa cha msikiti wenyewe wa Mtume. Zaka nayo ina mafungu manane, na mojawapo ni la msafiri aliyekatikiwa njiani. Ila nauliza, ni msikiti gani wa mji wetu leo ambao mtu aliyefukuzwa nyumbani na wanawe anaweza kuubisha saa sita za usiku, akafunguliwa? Mingi hufungwa kufuli baada ya Isha kwa kuogopa wezi wa mazulia. Ukarimu tunao tele, lakini ni ukarimu wa nyumba na nyumba, nao humtaka mgeni awe na jina, na mimi najua jinsi unavyoweza kukwama nyuma ya komeo.

Najua pia tunavyowatilia shaka mapadri, na shaka hiyo haikuzuka bure. Tangu 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu pale Bagamoyo walikomboa watumwa, wakawapa makao, na pamoja na makao wakawapa ubatizo na majina mapya. Paa lilikuwa na bei. Vilevile itasemwa kwamba waliokimbilia kanisani Likoni wengi wao walikuwa Wakristo, hivyo kanisa lilipokea wake. Ni kweli, lakini majirani zangu walikuwa majirani zangu. Na hapo hapo Kisumu, katika mtaa wa Nyalenda, kuna kituo cha Pandipieri, kilichoanzishwa miaka ya 1970 na padri wa Kiholanzi wa shirika la Mill Hill, Hans Burgman. Mojawapo ya kazi zake ni watoto wa mitaani, wale ambao sisi huwaita chokora na kuwapita.

Asubuhi ya pili niliomba nipelekwe Kibos, nje kidogo ya mji. Huko Wanubi, Waislamu wenzetu, wajukuu wa askari wa Kisudani waliokuja na Waingereza, walikuwa wamekaa tangu miaka ya 1930. Mwezi wa Februari 2021, reli ya Nakuru na Kisumu ilipokuwa ikifufuliwa, Shirika la Reli lilidai ardhi ni yake. Matingatinga yakaja pamoja na polisi, shauri lilipokuwa lingali mahakamani. Watu zaidi ya 3,000 walibaki nje, katika siku za korona, na mtoto mdogo akafa. Reli hiyo ndiyo iliyoanzia kwetu Mombasa ikafika ziwani mwaka 1901. Nakumbuka tuliisoma habari ile, tukasikitika, tukafungua ukurasa wa michezo.

Serikali nayo humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Sina ugomvi na nyumba hizo, ila zina fomu, amana na foleni, na aliyebomolewa leo atalala wapi leo? Mafungu manane ya zaka tunayo, na mali ya wakfu Mombasa ipo, lakini bado hatujatenga hata chumba kimoja chenye mtu wa kufungua usiku.

Usiku wangu wa mwisho Migosi, yule mama alinitandikia, akaniwekea ndoo ya maji ya udhu, akanionyesha upande wa kibla ambao alikuwa amekwisha uuliza kwa jirani. Kisha akasimama mlangoni.

"Mwalimu, nyumba yenu si ile yenye mlango wa kijani, karibu na mwembe?"

Nikamwambia ndiyo.

"Nilidhani hivyo," akasema, akanitakia usiku mwema.