Mwanariadha Ughaibuni: Miguu Yaonekana, Mtu Haonekani

Kila mwaka vijana wa Kenya, wengi wao kutoka Bonde la Ufa, huenda Marekani kwa ufadhili wa riadha. Huagwa kwa maombi na harambee. Aghalabu hakuna anayewauliza wataishije huko, kwani hudhaniwa kuwa awezaye kukimbia ataweza yote.

Dhana hiyo ni potovu. Mnamo 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mjini Pullman, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Dunia ilihesabu sekunde zake. Ulevi uliokuja kumwandama haukuwa na wa kuuhesabu.

Kisa cha Marko Cheseto kinauma zaidi. Huyu alitoka Pokot Magharibi akajiunga na Chuo Kikuu cha Alaska, Anchorage. Mwaka 2011 mwanatimu mwenzake, Mkenya pia, alijitoa uhai. Novemba mwaka huo huo Cheseto, akiwa amezongwa na majonzi, alipotea kwenye theluji kwa zaidi ya siku mbili. Alipopatikana nyayo zake zilikuwa zimeganda, na miguu yote miwili ikabidi ikatwe. Wengi hupenda kukisimulia kisa hiki kuanzia Boston, 2019, alipokimbia marathoni kwa miguu bandia kwa saa 2 na dakika 42. Ni ushindi wa kushangiliwa, naam, lakini unaliruka swali lenyewe: kati ya msiba ule na usiku ule wa theluji, nani alimketisha chini akamsikiliza?

Baridi ndiyo hulaumiwa. Ukweli ni kwamba mwanafunzi huyu hubanwa na masomo, mazoezi na safari za mashindano, huku viza yake ikimruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Tangu 2021 wenzake Wamarekani wameruhusiwa kujipatia fedha kwa majina yao. Yeye, kwa kiasi kikubwa, viza humzuia. Nyumbani nako simu hazikatiki: karo ya mdogo wake, mabati ya nyumba, ng'ombe. Akiulizwa hali hujibu kuwa hajambo, kwa kuwa jibu jingine litaonekana utovu wa shukrani.

Salamu za Kiswahili, zikisalimiwa ipasavyo, hazikomei kwenye jibu hilo. Huulizia afya, kazi, waliolala na walioamka, hadi mwenye kuficha ashindwe. Vyuo vikuu kadhaa vya Marekani hufundisha Kiswahili, na baadhi ya walimu wake ni wahitimu wa vyuo vya Kenya. Yamkini mwalimu huyo na mwanariadha huyo huishi kampasi moja mwaka mzima bila kujuana. Chama cha Kiswahili kinapomwaga mwanachama anayekwenda kufundisha huko, kimpe jukumu moja zaidi: awatafute wanariadha wa kwao, tena kabla ya theluji ya kwanza kuanguka.