Ukoo wakutana hotelini Naivasha, hatimiliki yabaki kijijini

MWEZI wa Desemba unapobisha hodi, na kadhalika msimu wa Pasaka, barabara ya kutoka Nairobi kuelekea Nakuru husongamana magari usiku na mchana. Zamani kila msafiri wa siku hizo alijulikana aendako: mashambani, kwa wazazi. Leo hii baadhi yao hawafiki. Wakishasafiri kilomita 90 hivi huiacha barabara kuu mjini Naivasha na kuifuata ile inayozunguka kusini mwa ziwa, ambako hoteli, nyumba za kukodi na viwanja vya mahema vimepangana ubavu kwa ubavu. Basi dogo la kwanza hushusha shangazi na wajomba, la pili hushusha vijana, na kabla ya jua kutua ua mzima umejaa watu wa ukoo mmoja waliovalia fulana za rangi moja, zilizochapishwa kifuani jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita.

Wapo wanaoyaona haya kuwa maringo ya watu wa mjini waliokosa kazi ya kufanya na pesa zao. Sikubaliani nao. Kinachotokea Naivasha kwa siku mbili au tatu ni jambo zito kuliko nyama choma na bwawa la kuogelea. Ni baraza la ukoo ambalo limehama. Limehama pamoja na watu wake wengi, lakini limewaacha nyuma baadhi ya wale ambao bila wao haliwezi kukata shauri, na limeiacha pia ajenda iliyokuwa ikilipa baraza hilo uzito wake, yaani ardhi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ukubwa wa mikutano hii una chanzo chake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa watoto 8 kwa wastani, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa ulimwenguni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulipata wastani wa watoto 3.4. Mama wa enzi zile aliyezaa 8, nao kila mmoja akaoa au akaolewa na kuzaa wanne, ana watu 48 nyuma yake. Mumewe akiwa na mke wa pili mwenye uzao kama huo, nyumba zote mbili zinafikisha watu 96, na hapo vitukuu hawajahesabiwa. Kizazi cha wajukuu hao ndicho chenye magari, mishahara na makundi ya WhatsApp yanayoandaa safari ya Naivasha. Watoto wao hawatakuwa na binamu wengi kiasi hicho. Nchi hii, kwa hivyo, imo katika kipindi ambacho ukoo umefikia upana wake mkubwa kabisa, huku watu wake wakiwa wametawanyika kutoka Kisumu hadi Mombasa, na kutoka Doha hadi Boston.

Ukoo kama huu hukutana wapi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: matangani. Harusi na ruracio zilikuwapo, lakini huko mtu huweza kutuma mchango wake na kukaa kando. Msiba haukwepeki. Binamu walijuana kaburini, wakabadilishana nambari za simu huku udongo ukiwa bado mbichi, kisha wakaagana hadi msiba mwingine. Janga la korona lilipoingia Machi 2020, hata mlango huo ukafungwa. Serikali iliweka kikomo cha watu 15 kwa mazishi, na kuanzia Aprili hadi Julai mwaka huo hakuna aliyeruhusiwa kutoka au kuingia eneo la Nairobi bila kibali. Familia nyingi zilizika wapendwa wao zikitazama kwenye simu. Si ajabu kwamba marufuku yale yalipoondolewa, kauli iliyosikika kila mahali ni kwamba sasa tukutane tukiwa hai.

Lakini kwa nini iwe Naivasha, na si kwa babu? Sababu rahisi zinajulikana. Mji huo uko baina ya Nairobi na magharibi mwa nchi, una malazi ya mfuko mnono na ya mfuko mwembamba, na watoto hawakosi la kufanya. Wapo viboko wa kutazamwa kutoka mashuani, na ipo mbuga ya Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache ambamo mgeni huruhusiwa kupita kwa baiskeli kando ya pundamilia. Tangu mashindano ya Safari Rally yarejee katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 na kufanyika huko, jina la mji limezidi kuvuma miongoni mwa vijana.

Sababu nzito husemwa kwa sauti ya chini. Hotelini hakuna mwenyeji. Familia yenye nyumba mbili au tatu za wake wenza hujua kwamba kukutana nyumbani ni kukutana katika ua wa mtu fulani, na aliye katika ua wake ana sauti kuliko mgeni. Hotelini, kijana wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo hupewa funguo zinazofanana. Isitoshe, wanawake hukaa kitako. Krismasi ya kijijini, kwa mke wa mwana, ni siku nne za kupika, kuosha masufuria na kuchota maji, huku wanaume wakizungumza chini ya mti. Nimewahi kumsikia mke wa mtu akisema kwamba Naivasha ndiko alikojua mashemeji zake huzungumza nini. Hata binti aliyerejea kutoka kwenye ndoa iliyovunjika, ambaye katika jamii kadhaa hana kitanda halali katika ua wa babake, hotelini ana chumba kama wenzake. Miko nayo haikuachwa nyumbani: wanaogawa vyumba hawana budi kuangalia mkwe asilale chini ya paa moja na mavyaa wake, na orodha ya vyumba hupitia mikononi mwa shangazi mmoja anayeyajua hayo kabla ya kupelekwa mapokezi.

Hayo ni mema, na ni makubwa. Hasara yake yaanzia kwenye mchango.

Tuchukulie kwamba kamati imeamua kila mtu mzima atoe Sh6,000 za chakula na malazi, na watoto nusu yake. Kwa mhasibu wa Nairobi hilo si neno. Kwa ndugu yake aliyebaki kijijini na ekari moja ya majani chai, mwenye mke na watoto wanne, ni Sh24,000, na nauli bado. Hatasema hana. Atasema ng'ombe anakaribia kuzaa, au kwamba lazima mtu abaki na nyanya. Kamati itasikitika, itamtakia heri, na itapiga picha bila yeye. Nyanya mwenyewe, ambaye magoti yake hayawezi safari ya saa saba garini, atapigiwa simu ya video Jumamosi jioni, na vitukuu watampungia mkono kwa zamu.

Basi waliobaki ni nyanya, aliye shahidi wa mwisho wa jinsi babu alivyogawa mashamba kwa mdomo, na mwana anayelima, anayejua mpaka uko wapi na ni jirani gani ameusogeza. Waliopo ni wale wenye uwezo wa kulipa, na kati yao anayesikilizwa zaidi ni aliyelipia wengine. Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024, kwa mujibu wa Benki Kuu. Ni pesa zinazosomesha na kutibu, nazo pia hununua kiti cha mbele katika vikao vya ukoo. Zamani kiti hicho kilikuwa cha mwenye mvi.

Sasa itazame ratiba yenyewe. Ijumaa ni kuwasili. Jumamosi asubuhi ni kuvuta kamba na mbio za magunia, alasiri ni mashua, jioni kila nyumba husimama ikajitambulisha na mti wa ukoo ukatandazwa ukutani. Jumapili ni ibada, kisha mkutano. Ajenda ya mkutano huwa na mweka hazina, tarehe ya mwaka ujao, na mwishoni "mengineyo". Ardhi huwa katika mengineyo. Hufikiwa saa nne kasorobo, ilhali vyumba vinatakiwa kuwa wazi saa nne. Mtu huuliza kuhusu shamba la babu, mwingine huguna, mfawidhi husema jambo hilo ni zito na litaundiwa kamati ndogo, na watu huenda kufunga mabegi.

Shamba hilo la babu, mara nyingi, lingali na hatimiliki yenye jina la babu, ingawa yeye alizikwa zamani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, haimruhusu yeyote kugusa mali ya marehemu kabla mahakama haijateua msimamizi. Kuuza kipande, hata kwa nia ya kulipa karo, ni kosa la jinai linaloweza kumfunga mtu mwaka mmoja. Licha ya hayo, vipande huuzwa kwa karatasi za mkono kila mwaka, na kila anayenunua huzidisha idadi ya watu watakaosimama mahakamani siku moja.

Njia halali haina miujiza. Familia huanza kwa chifu, anayeandika barua yenye majina ya warithi wote. Ombi hupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo, hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Miezi 6 baada ya msimamizi kuteuliwa, huomba uteuzi wake uthibitishwe ili mali igawanywe. (Waislamu wana sheria yao ya mirathi na mahakama za Kadhi.) Yanayokwamisha safari hii ni majina na sahihi. Ndugu wote wenye haki sawa hutakiwa waridhie kwa maandishi au wapewe notisi. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Boston, wa tatu hazungumzi na wa kwanza, wa nne amekufa na wanawe, ambao kisheria huchukua fungu la mzazi wao, hawajulikani waliko. Kuna familia ambazo zimewafukuzia sahihi watu 8 kwa miaka mingi, ilhali watu hao hao hukaa meza moja kila Desemba wakila samaki na ugali. Wikendi ya Naivasha ndiyo siku pekee katika mwaka ambapo kila anayetakiwa kutia sahihi yumo ndani ya ua mmoja, na kitambulisho chake mfukoni.

Ule mti wa ukoo unaotandazwa ukutani, ambao wengi huuona kama mapambo ya sherehe, ni nusu ya barua ya chifu. Ndani yake mna mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mna nyumba ya mke wa tatu aliyekwenda kuishi Trans Nzoia, mna binti walioolewa mbali. Hao ndio husahauliwa katika barua za chifu, wakati mwingine kwa makusudi, na ndio huibuka baadaye na pingamizi halali. Kuhusu mabinti, sheria haina utata: mwaka wa 2005 Mahakama ya Rufani iliamua katika kesi ya Rono kwamba binti ana haki ya urithi sawa na mwana, awe ameolewa au hajaolewa. Kwa babu mwenye wake wengi aliyekufa bila wosia, kifungu cha 40 huigawa mali kati ya nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa kama mmoja zaidi katika nyumba yake. Wanaume wengi wa rika langu wangali wanaamini vinginevyo, na hulisema hadharani bila haya.

Baadhi ya wazee hulalamika kwamba kuzungumzia ardhi hotelini ni kuvunja heshima, kwa kuwa mambo ya udongo huzungumzwa juu ya udongo wenyewe. Hoja hii nina huruma nayo. Kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987 baada ya mvutano mkali baina ya mjane wake na ukoo wa Umira Kager, iliwafunza Wakenya kwamba nyumba na nyumbani si kitu kimoja. Mjane alitaka azikwe Ngong, ukoo ukasema nyumbani ni Nyalgunga, Siaya, na mahakama ikakubaliana na ukoo. Hoteli ya Naivasha si nyumba wala si nyumbani kwa yeyote. Hata hivyo, wasiokutana juu ya udongo kwa miaka 20 hawawezi kuendelea kuusingizia.

Linalowezekana ni dogo na halina gharama kubwa. Ajenda ya ardhi itolewe katika mengineyo, iwekwe Jumamosi alasiri kabla ya mashua, watoto wakiwa wamepelekwa Hell's Gate. Mfuko wa ukoo umlipie nauli na chumba anayelima, bila yeye kuomba na bila jina lake kutajwa kwenye kundi la WhatsApp. Kila nyumba ije na nakala za vitambulisho na vyeti vya kifo badala ya kuja na kreti ya soda tu. Na kwa nyanya asiyeweza safari, watu watano, angalau mmoja kutoka kila nyumba na mmoja wao awe binti, waende kwake wiki moja kabla, wakae naye jikoni, waandike anayoyakumbuka kuhusu mipaka na majina, na aione hatimiliki kwa macho yake. Hoteli nyingi huomba malipo ya awali mapema, hivyo kamati za Desemba ijayo zina muda wa kutosha wa kupanga safari zote mbili.