Kabla ya Kuwaketisha Pamoja

Katika kamati zetu za haki na amani tumezoea kuwaita waliogombana, kuwaketisha na kusali nao. Mara nyingi huondoka na hasira zaidi. Tumesahau kazi inayotangulia usuluhishi: kumnoa kila mmoja faraghani, kama mwalimu wa mpira amnoavyo mchezaji bila kucheza badala yake. Aulizwe anataka nini hasa, anaogopa nini, na atakisemaje bila matusi.

Wasuluhishi wa vita vya Msumbiji hawakuipuuza kazi hiyo. Mazungumzo yalianza Roma Julai 1990, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 4 Oktoba 1992. Mmoja wa wasuluhishi wanne, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, alikuwa amekwisha kumfuata Afonso Dhlakama porini mwaka 1988, Mndau kwa Mndau mwenzake. RENAMO waliijua bunduki kuliko meza. Iliwabidi wasikilizwe kwanza.

Lakini hapa pana hatari. Anayemnoa mmoja peke yake amekwisha kuwa wakili wake, hata akivaa kanzu (nasi mapadre hukosea sana hapa, kwa kuwa tajiri wa parokia ndiye hutufikia mapema). Kamati ikiwa na watu wa kutosha, anayenoa asiwe yule atakayesuluhisha. Isipokuwa nao, kila upande upewe muda uleule, tena uambiwe waziwazi kwamba mwenzake naye ametembelewa.