Shanta, Ndoo na Uti wa Mgongo

Wazee wetu wana mazoea ya kumwambia mtoto alalamikaye maumivu ya mgongo kwamba yeye bado hana kiuno. Anatomia haikubaliani nao. Kiuno cha mtoto kina pingili 5 kama cha mtu mzima, na shingo yake ina pingili 7. Baina ya pingili nyingi kuna kisahani cha gegedu ambacho hubanwa kila mzigo uongezekapo. Tofauti ni kwamba mifupa ya kijana wa miaka 13 ingali ikikua.

Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kanuni ya wenzo ni nadra kutakiwa aitumie juu ya mwili wake mwenyewe. Na tumchukue msichana aliyetundika begi la kilo 6 kwenye bega moja. Uzito wa begi hilo ni takriban nyutoni 60. Ikiwa laning’inia sentimeta 20 kutoka katikati ya uti wa mgongo, lataka kuupindisha mwili kwa momenti ya nyutoni-mita 12. Misuli ya upande wa pili ndiyo izuiayo, nayo iko karibu mno na egemeo. Tukikadiria umbali wa sentimeta 5, misuli hiyo yapaswa kuvuta kwa nyutoni 240, yaani mara 4 ya uzito wa begi lenyewe, na pingili hubeba vyote viwili. Hesabu hii imerahisishwa, maana mwili una hila zake: msichana huinua bega na kuegemea upande mwingine ili mzigo usogee karibu na mhimili. Lakini bega lililoinuliwa kutwa nzima hugeuka shingo ngumu jioni.

Kwa hiyo swali la kwanza wakati wa kuchagua begi si uzuri wake, bali ni umbali gani litaweka mzigo kutoka uti wa mgongo. Shanta ya kanda mbili, iliyokazwa hata ikagusa mgongo na isiyoshuka chini ya kiuno, yashinda mkoba wa bega moja. Vitabu vizito na vikae upande wa mgongoni, madaftari nje. Upana wa kanda nao una maana yake, kwa sababu kanieneo ni kani kugawanywa kwa eneo: ukanda wa sentimeta 6 hukandamiza bega theluthi moja tu ya ule wa sentimeta 2. Ukanda mwembamba waweza kubana mishipa ya fahamu iendayo mkononi, ndipo vidole vikafa ganzi. Hapana haja ya begi la ghali. Fundi cherehani yeyote aweza kushona kanda pana za turubai kwenye mfuko wa salfeti.

Je, uzito upi wafaa? India, katika sera yake ya mwaka 2020, iliweka kikomo cha asilimia 10 ya uzito wa mwanafunzi. Kwa mwenye kilo 45 ni kilo 4 na nusu. Ni haki niongeze kwamba mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakupata ushahidi wa kutosha kuwa uzito wa begi, peke yake, husababisha maumivu ya mgongo kwa watoto. Hata hivyo, wale walioona begi lao ni zito ndio walioelekea kupata maumivu. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kumsikiliza mwanafunzi kabla ya kuisikiliza mizani.

Lakini katika shule zetu kilo 4 za vitabu si mzigo mkubwa. Mzigo mkubwa ni ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Kwa msichana wa kilo 45 hiyo ni zaidi ya asilimia 44 ya uzito wake, naye huibeba kabla ya kulivaa begi. Watetezi wa desturi hii hupenda kutaja utafiti uliotolewa katika jarida la Nature mwaka 1986, ambao ulionyesha kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waliweza kubeba mzigo bila kutumia nguvu ya ziada. Husahau kusema kwamba kikomo kilikuwa asilimia 20 ya uzito wa mwili, kwamba wanawake hao walikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na kwamba kilichopimwa ni matumizi ya oksijeni, si maumivu. Kwa msichana wetu asilimia 20 ni kilo 9, hata nusu ya ndoo haifiki. Uchunguzi wa mwaka 2010 kwa wanawake wa Afrika Kusini haukuona kuwa kubeba kichwani, kwa wastani, kuna nafuu kuliko kubeba mgongoni; tena shingo ndiyo iliyolalamika.

Shule inayowaagiza wanafunzi kuja na dumu la maji au mzigo wa kuni haiwezi kuwahubiria habari ya mabegi. Na ipunguze dumu kwanza. Kisha mwalimu wa Fizikia aazime mizani ya zahanati na ampime kila mwanafunzi mara tatu: mtupu wa mizigo, akiwa na begi, na akiwa na kile alichoagizwa kuleta. Asilimia watazitafuta wenyewe.