Elimu ya Masafa na Magofu ya Jirani

Wapo wasomi wanaoibeza elimu ya masafa kila inapotajwa akiolojia. Hoja yao ni fupi. Elimu hii, wasema, ni ya mikono na udongo. Vipi basi mtu aisome kwa vitabu vya posta na kwa intaneti, pasi na kushika mwiko wala kunyoosha kamba ya kupimia? Mwenye shahada ya aina hiyo, kwao, ni nahodha aliyejifunzia bahari barazani.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na inastahiki jawabu. Tabaka la udongo likishachimbwa halirudi. Mchimbaji akikosea kulipima na kuliandika, hapana atakayekuja baadaye akalisahihisha. Asiyewahi kusimama shimoni mbele ya macho ya mjuzi hafai kukabidhiwa gofu, hata awe na vyeti vya kupamba ukuta mzima.

Ila wanapoishia wabezaji ndipo walipopaswa kuanzia. Kuchimba ni sehemu tu ya kazi. Siku moja ya shimoni huzaa siku nyingi za mezani: kuosha vigae, kuvitenga, kuvihesabu, kuvichora, kulinganisha ramani, kuzipima tarehe za kaboni zinathibitisha nini na hazithibitishi nini. Hayo yanasomeka kisiwani, usiku, baada ya kazi za mchana. Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, na UNISA ya Afrika Kusini vimefundisha akiolojia kwa masafa. Hilo si jambo la kubuni.

Nani basi anayefungiwa mlango? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na matunda yake yanaonekana. Lakini mwalimu wa skuli kule Micheweni, mwenye watoto na wazee wa kulisha, haachi kazi miaka mitatu akavuka bahari. Kumwambia aje darasani au anyamaze ni kumwambia anyamaze.

Na ukimya huo una historia. Gedi ilichimbwa na James Kirkman tangu 1948. Kilwa ikachimbwa na Neville Chittick. Wenyeji walishika majembe na makarai, wageni wakashika kalamu. Kalamu hizo kwa muda mrefu ziliandika kuwa miji ya mawe ni kazi ya walowezi wa ng'ambo. Ni pale Mark Horton alipoichimba Shanga, katika miaka ya 1980, ndipo ulipoonekana msikiti juu ya msikiti, wa mawe juu ya wa miti na udongo, katika mji uliokulia hapo hapo tangu karne ya 8. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2023 ukaonyesha mchanganyiko: asili ya Kiafrika, zaidi kwa upande wa kina mama, na ya Asia, hasa Uajemi, zaidi kwa upande wa kina baba. Kila mara mtu wa mwambao huambiwa yeye ni nani. Ni mara chache huulizwa. Hata Mzanzibari Abdurahman Juma alipochapisha utafiti wake wa Unguja Ukuu mwaka 2004, kitabu kilitoka Uppsala, Sweden, kwa Kiingereza.

Wapenzi wa mashairi hawawezi kuliona jambo hili geni. Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyatazama majumba ya Pate yaliyoporomoka akayafanya mawaidha. Aliyasoma magofu kwa lugha ya wenyewe. Mwanaakiolojia huyasoma magofu hayo hayo kwa tabaka na kigae. Kwa nini usomaji huu wa pili ndio udai pasi ya kusafiria?

Lawama nyingine iwaendee wauza kozi. Mtu wa Mtambwe, palipofukuliwa sarafu zaidi ya 2,000 mwaka 1984, akifundishwa kuzitambua kuta za Warumi na kuachwa hajui matumbawe na chokaa, ada yake imeliwa bure. Elimu ya masafa iliyo ya haki ina masharti: nadharia itoke mbali, msimu wa uchimbaji uwe karibu, chini ya mjuzi na kwa kibali cha serikali, vigae vya kujifunzia vitoke katika ghala za makumbusho za mwambao, na istilahi ziandikwe kwa Kiswahili, ili maarifa yasiishie kwa anayejua Kiingereza.

Wakati hausubiri. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa. Magofu madogo hayana orodha. Bahari inayala, mizizi inayapasua, mawe yake yanabebwa kujengea. Wa kwanza kuliona jiwe likianguka ni jirani. Akijua kupima, kuchora na kuandika, kumbukumbu itabaki hata ukuta ukienda.

Basi wanaoibeza elimu ya masafa na wajiulize masafa yapi ni marefu zaidi: ya kutoka Pemba hadi chuo cha Ulaya, au ya kutoka mlangoni kwa mwenyeji hadi gofu la babu yake, aliloambiwa si kazi yake kulisoma?