Madaktari wa Tumbo Nao Warudi Darasani



Hakuna dereva wa reli aliyeshuka kwenye injini ya moshi akapanda ya dizeli bila kufundishwa upya. Chuo cha Reli kilifunguliwa Nairobi mwaka 1956 kwa kazi ya namna hiyo. Basi twauliza: daktari anayetibu tumbo la mfanya kazi, yeye asome lini, na kwa fedha ya nani?

Twauliza kwa kuwa matumbo yanatuumiza. Wenzetu wa reli huko Samburu na Mackinnon Road, wa hoteli za Diani na wa mashamba ya Msambweni, malalamiko yao ni mamoja: tumbo lawaka moto usiku. Wengi hupewa dawa ya kutuliza asidi mwezi huu na mwezi ujao, wakaambiwa wapunguze pilipili na mawazo. (Kwa mishahara hii, kupunguza mawazo si mchezo.)

Zamani ndivyo madaktari walivyofundishwa. Lakini mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua kijidudu kiitwacho Helikobakta pilori, nacho ndicho kiletacho vidonda vingi vya tumbo. Mwaka 1984 Marshall alikinywa mwenyewe ili wenzake wasadiki, akaugua. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Maana yake, mgonjwa apimwe, na akionekana nacho apewe dawa za kukiua kwa wiki mbili hivi. Vidonda vingine huletwa na vidonge vya maumivu, vile wanavyomeza wachukuzi kwa ajili ya mgongo. Tena kijidudu huzoea dawa, kwa hiyo hata daktari aliyesoma juzi yampasa asome tena.

Kwale yetu nayo imeufundisha ulimwengu. Kati ya 2015 na 2017 dawa za minyoo zilijaribiwa vijijini mwetu, na habari zake zikachapishwa London mwaka 2019. Mahali walipotibiwa watoto tu, wenye safura walipungua kutoka 19 katika mia hadi 14. Mahali walipotibiwa watu wote, mara mbili kwa mwaka, walishuka kutoka 21 hadi 6. Elimu hiyo ilitoka katika vinyesi vyetu. Je, afisa wa kliniki wa zahanati ya kijijini amepewa nafasi ya kuisoma?

Masomo yapo. Chama cha ulimwengu cha madaktari wa tumbo hutoa miongozo bure katika intaneti, iliyopangwa kwa hospitali zenye vyombo na zisizo navyo. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet, hufundisha madaktari kutazama koo na tumbo kwa kamera, maana saratani ya koo la chakula imewaua wengi katika Afrika Mashariki. Na sheria yamtaka daktari apate pointi za masomo kabla ya kupewa leseni mpya. Lakini kumwamuru mtu asome, kisha kumwachia nauli, ada na zamu yake, hiyo si haki, nasi tungeikataa kazini kwetu.

Tangu 2013 hospitali hizi zi chini ya Kaunti. Twataka Kaunti itenge siku za masomo zenye mshahara, ilipe nauli, na iweke mtu wa kushika zamu Msambweni mwenzake akiwa darasani. Intaneti ya hospitali nayo ifike hadi zahanati. Barua imekwisha andikwa, nayo itasomwa katika mkutano wa tawi. Mwanachama aliyetumia dawa ya tumbo zaidi ya miezi mitatu bila kupimwa ampe katibu habari zake kabla ya siku hiyo. Jina lake halitatajwa.